Sakafu ya Mbao: Unyevu Uulizwe Kabla ya Jina la Mti

Katika miinuko ya Kibosho, Uru, Marangu na Mwika, baridi ya Juni na Julai huifanya sakafu ya saruji kuwa adha, na ndiyo maana sakafu ya mbao huwavutia wanaojenga huko. Mwenye nyumba anapofika kwenye duka la mbao, swali lake la kwanza huwa ni jina la mti. Swali hilo lina maana, lakini hasara kubwa hutokana na jambo lisiloulizwa: mbao hizo zina unyevu kiasi gani?

Mti uliokatwa leo umebeba maji mengi. Unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30, ubao huanza kusinyaa kwa upana, ilhali urefu wake haubadiliki kwa kiwango cha kuonekana. Chukua mfano wa chumba chenye upana wa mita 4 kilichotandikwa mbao 40, kila moja ikiwa na upana wa milimita 100. Zikisinyaa kwa asilimia 3 tu baada ya kupigiliwa, kila ubao huacha mwanya wa milimita 3, na jumla ya mianya katika chumba hufikia sentimita 12. Hakuna vanishi ya kuziba hasara hiyo. Ncha ya ubao nayo ina la kusema: miduara ya mti ikionekana imesimama wima, ubao huo husinyaa karibu nusu tu ya ule ambao miduara yake imelala, wala haupindi kwa urahisi.

Kwa sakafu ya ndani, unyevu wa takriban asilimia 12 unafaa. Fundi mwenye kipima unyevu huupata kwa sekunde chache. Asiye na kifaa hicho hukata kipande kutoka katikati ya ubao, hukipima kwenye mizani ya gramu, hukikausha katika oveni kwa nyuzi joto 103 hadi uzito usipungue tena, kisha hukipima upya. Kipande cha gramu 560 kikibaki na gramu 500, maji yaliyotoka ni gramu 60. Zikigawanywa kwa uzito mkavu wa gramu 500, jibu ni asilimia 12. Kauli ya muuzaji kwamba mbao "zimekaa sana" haitoshi, kwa kuwa mbao zilizorundikwa bila vijiti vya kuzitenganisha zinaweza kukaa miezi mingi na bado zikawa mbichi katikati.

Sasa jina la mti. Mninga, unaotoka katika misitu ya miombo kama ile ya Tabora na Katavi, husifiwa kwa haki: husinyaa kidogo sana na hutulia ukishatandikwa. Mtiki unaopandwa Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro una sifa kama hizo. Mkaratusi ni mgumu, ila husinyaa na kupasuka sana usipokaushwa taratibu. Anayeutaka hana budi kuwa mvumilivu. Paina na saipresi, zinazovunwa katika mashamba ya miti ya Serikali ya West Kilimanjaro na Rongai, ni laini. Miguu ya viti huziacha na alama, lakini chumbani kwa kulala zinafaa kabisa, na mwenye kipato cha kawaida hana sababu ya kuzidharau. Mringaringa wa kihambani ni mbao nzuri ya kabati kuliko ya kukanyagwa.

Mkulo, unaojulikana pia kama mseri, ni suala jingine. Uchunguzi wa angani wa mwaka 2001 ulionesha jinsi mti huu ulivyokuwa ukikatwa kwa wingi katika msitu wa Mlima Kilimanjaro, msitu uleule unaolisha chemchemi na mifereji ya vijiji vyetu. Mwaka 2005 msitu huo uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa. Mkulo unaouzwa kwa siri na bila karatasi haustahili kuingia ndani ya nyumba, hata bei yake ikivutia kiasi gani. Kwa mbao za aina yoyote, mnunuzi aombe stakabadhi, na aulize hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Anayetaka kupasua mti wa kihambani kwake aanzie kwa serikali ya kijiji na afisa misitu kabla ya kumwita mwenye msumeno.

Mbao zikishafika, zipangwe kwa vijiti ndani ya nyumba iliyokwisha kuwekwa milango na madirisha, kwa wiki mbili au zaidi, na kazi isifanyike katikati ya masika. Zege nalo lazima liwe limekauka. Nailoni nzito itandazwe juu yake kuzuia unyevu wa ardhini, na kando ya kila ukuta iachwe nafasi ya milimita 10 hadi 15 itakayofichwa na ubao wa pembeni. Bila nafasi hiyo, mbao huvimba wakati wa mvua na kunyanyuka katikati ya chumba.

Wapo wanaopaka oili chafu ya magari kuzuia mchwa. Ndani ya nyumba hiyo haifai: harufu hubaki na vanishi haishiki. Mbao za rangi ya kijani zilizotiwa dawa kali kama ile ya nguzo za umeme nazo hazifai sebuleni, na mabaki yake yasipelekwe jikoni kuwa kuni, kwani moshi na majivu yake huweza kuwa na sumu ya arseniki. Kwa ushauri wa kitaalamu kuhusu kupasua na kukausha mbao, mjini Moshi kipo Chuo cha Viwanda vya Misitu (FITI), ambacho kazi yake ni kufundisha fani hiyo.