Kufundisha Historia kwa Nembo na Mihuri

Katika somo la Historia, mwalimu asianze kwa kuwakaririsha wanafunzi sehemu za Nembo ya Taifa. Na awaulize kwanza: nembo hii yaweza kuwa ya tangu lini?

Watoto wa Busunzu huiona kwenye vyeti, nao huiita «Bibi na Bwana». Waichunguze ngao: juu mwenge, chini yake bendera, kisha shoka na jembe vilivyopishana, na mwisho mawimbi. Buluu iliyomo katika bendera hiyo imetoka Zanzibar. Kwa hiyo nembo hiyo haiwezi kutangulia Muungano wa 1964.

Halafu mwalimu achore ubaoni alama ya Tanganyika chini ya Waingereza, iliyokoma kwa Uhuru wa 1961: kichwa cha twiga. Aulize: wananchi wako wapi? Katika nembo ya leo mwanamume na mwanamke ndio wanaoishika ngao.

Zoezi la mwisho: hati ya shamba ina tarehe ya 1958, na muhuri wake ni Bibi na Bwana. Je, tuiamini? Mwanafunzi atakayejibu kwa sababu ameelewa somo, wala hatadhulumiwa kwa urahisi.