Kabla ya Kununua Jina la Biashara, Piga Hesabu ya Kitakachobaki

Jina linalojulikana huleta wateja bila kubembeleza. Ndiyo sababu mtu aliyestaafu na kupata kiinua mgongo, au aliyechukua mkopo wa sacco, huvutiwa na biashara ya franchaizi. Katika biashara hiyo, mnunuzi hulipa kampuni yenye jina ili afungue tawi na kutumia nembo, bidhaa na utaratibu wake. Mtaji ni wake na hasara ni yake, lakini jina hubaki la wenyewe. Asipochagua vizuri, anaweza kufanya kazi mwaka mzima kisha shamba aliloweka dhamana linadiwe.

Mrabaha hukatwa wapi?

Mnunuzi hulipa ada ya kuingia, kisha mrabaha wa kila mwezi, na mara nyingi mchango wa matangazo. Wengi hawatambui kwamba kwa kawaida mrabaha hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Hata mwezi wa hasara hulipiwa.

Chukulia mkahawa mdogo unaouza Sh400,000 kwa mwezi. Bidhaa zinagharimu Sh220,000, kodi ya jengo Sh60,000, mishahara Sh70,000, stima na maji Sh15,000. Zinabaki Sh35,000. Mkataba ukidai mrabaha wa asilimia 6 na matangazo asilimia 2, Sh32,000 zinaondoka. Mwenye mkahawa anabaki na Sh3,000, na bado hajalipa mkopo.

Ili abaki na zile Sh35,000, lazima mauzo yafike karibu Sh487,000, hata kama kodi, mishahara na stima hazitapanda. Kwa hivyo swali ni moja: je, jina hilo litaleta mauzo ya Sh87,000 zaidi kila mwezi kuliko jina lake mwenyewe? Kama jibu ni la, afadhali afungue biashara yake.

Waliotangulia waulizwe

Mnunuzi aombe orodha ya matawi yote, yakiwemo yaliyofungwa. Atembelee angalau matatu aliyoyachagua mwenyewe, siku ya kawaida na mwisho wa mwezi, ahesabu wateja. Awaulize wenye matawi: Faida ilianza kuonekana baada ya miezi mingapi? Bidhaa hufika kwa wakati? Kama ingekuwa leo, wangenunua tena?

Karatasi zikaguliwe

Kupitia eCitizen, mnunuzi anaweza kuomba hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Katika taasisi ya KIPI, anaweza kuthibitisha kama nembo imesajiliwa nchini na kwa jina la nani. Usajili wa nembo hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa.

Kenya haina sheria maalumu ya franchaizi, kwa hivyo ngao ya mnunuzi ni mkataba wenyewe. Wakili wake, si wa kampuni, ausome na kumweleza mambo manne:

1. Eneo. Je, kampuni inaweza kufungua tawi jingine ng'ambo ya barabara?

2. Muda. Mkataba wa jina ukiwa wa miaka 5 na wa jengo miaka 2, mwenye jengo anaweza kumfukuza kabla ada ya kuingia haijarudi.

3. Bidhaa. Je, lazima zinunuliwe kwa kampuni au kwa wauzaji iliowaidhinisha, na kwa bei ipi? Mwezi Januari 2022, mikahawa ya KFC nchini iliishiwa na chipsi kwa sababu viazi vilivyoagizwa kutoka ng'ambo vilichelewa njiani, ilhali wakulima wa Nyandarua hukuza viazi kwa wingi. Wauzaji walipaswa kwanza kuidhinishwa kulingana na kanuni za ubora za kampuni.

4. Kutoka. Je, anaweza kuuza tawi lake akichoka au akiugua? Mkataba ukivunjika, nani huchukua vifaa?

Vibali ni jukumu la mnunuzi

Jina kubwa halimwondolei mtu leseni ya biashara ya kaunti. Anayeuza chakula huhitaji pia kibali cha afya ya umma, na wafanyakazi wanaoshika chakula lazima wapimwe. Ada hizo huwekwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti. Ni vyema kuzijua katika afisi ya biashara kabla ya kutia sahihi, ili ziingizwe kwenye hesabu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Muuzaji akimharakisha mnunuzi kwa kudai kuwa imebaki nafasi moja tu, au akikataa kumwonyesha hesabu za matawi, mnunuzi asitoe hata amana. Kuchelewa wiki mbili kwa ajili ya ukaguzi ni nafuu kuliko kulipa miaka mitano deni la duka lililofungwa.