PIPA LA MAJI: LIJUE KWANZA, NDIPO ULITUNZE



Katika nyumba nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita, pipa la plastiki la lita 200 ni mali ya familia. Mvua zikikatika mwezi wa Mei, ndilo tegemeo mpaka mvua za Novemba. Hata palipofika bomba la maji ya Ziwa Victoria, siku maji yakikatika familia hurudi kwenye pipa. Likipasuka ni hasara. Lakini iko hasara kubwa zaidi: pipa zima, imara, lenye sumu ndani yake. Mwezi huu tujifunze mambo hayo mawili.

LILIBEBA NINI?

Mapipa na madumu mengi ya gulioni yameshatumika. Mengine yalibeba mafuta ya kula. Lakini katika ukanda wa machimbo yapo pia yaliyobeba asidi, au sayanaidi ya kuchenjulia dhahabu kwenye marudio. Kwa wakulima wa pamba yapo yaliyobeba dawa za wadudu.

Plastiki si kama kioo. Mafuta na dawa nyingi huingia polepole ndani ya ukuta wake, kisha hutoka polepole na kuingia katika maji. Ndiyo sababu dumu la mafuta ya taa hunuka hata likioshwa mara kumi. Tena, si kila sumu ina harufu ya kukuonya. Sayanaidi pungufu ya kijiko cha chai huua mtu mzima. Zebaki nayo hujificha katika mikwaruzo ya beseni. Hudhuru ubongo na figo, na humdhuru zaidi mtoto aliye tumboni. Beseni la mwaloni lisiingie jikoni kamwe.

Basi, kabla ya kununua, uliza. Kama lebo imebanduliwa, au ina alama ya fuvu na mifupa, au muuzaji hajui lilikotoka, liache hata kama bei ni ndogo. Kama liko tayari nyumbani, usilichome moto, maana moshi wake nao ni sumu. Liweke mbali na watoto na mifugo, umwarifu Bwana Afya wa kata.

MAADUI WATATU WA PIPA SAFI

1. Jua. Mionzi ya jua hudhoofisha plastiki kidogo kidogo. Pipa hupauka, hutoa unga kama chaki, kisha hupasuka. Matangi meusi hustahimili zaidi kwa sababu masizi yaliyochanganywa katika plastiki huzuia mionzi. Weka pipa kivulini, au ulijengee kibanda cha nyasi. Kivuli pia hupunguza ule ukoga wa kijani majini.

2. Uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Pipa lililojaa lina kilo 200, na tangi la lita 1,000 ni tani nzima. Likikalia jiwe moja au matofali yaliyoachana, kitako hupinda na kupasuka. Tengeneza jukwaa imara, lililo sawa, pana kuliko kitako chenyewe. Usiburute pipa lenye maji.

3. Mikwaruzo. Usisugue kwa mchanga wala steelwire. Kila mkwaruzo ni maficho ya uchafu na mwanzo wa ufa. Tumia kitambaa laini na sabuni, kisha suuza vizuri. Majivu ya moto yasimwagwe karibu.

Mwisho, funika. Mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Kwa hiyo safisha pipa kila wiki. Mfuniko imara humlinda pia mtoto mdogo asitumbukie. Chota maji kwa kata yenye mpini mrefu, mikono isiguse maji.

Pipa safi likipasuka kwa uzee, bado linafaa kuwekea mkaa. Lakini pipa lililobeba sumu halina kazi nyumbani, hata likiwa jipya.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Je, tunajua kila dumu na pipa letu lilibeba nini?
2. Pipa letu linapigwa na jua saa ngapi kwa siku?
3. Nani nyumbani ana zamu ya kulisafisha wiki hii?