Maoni ya Washiriki Baada ya Warsha: Nani Anayasoma, na Anatafuta Nini?

Warsha zinazowakutanisha watafiti wa vyuo vikuu na wahandisi wa viwandani humalizika kwa desturi moja. Kabla ya vyeti kugawiwa, kila mshiriki hupewa karatasi ya tathmini. Huulizwa kama ukumbi ulifaa, kama muda ulitosha na kama watoa mada walieleweka, kisha hutia alama kuanzia 1 hadi 5. Chini kabisa huachwa mistari miwili au mitatu ya "maoni mengine". Baadaye taarifa hutolewa kwamba wastani ulikuwa mzuri, na jalada hufungwa. Makala haya yanaichunguza karatasi hiyo: inapima nini, inaacha nini, na kwa nini jambo hilo linamhusu muuguzi wa zamu na mgonjwa aliyelazwa.

Linawahusu kwa sababu vifaa tiba vingi huzaliwa katika makutano ya namna hiyo, na kasoro za makutano husafiri na kifaa hadi wodini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliotumia orodha za vifaa tiba kutoka nchi 16 zenye rasilimali haba, ulionyesha kwamba asilimia 38.3 ya vifaa hivyo havikuwa vikifanya kazi. Sababu zilizotajwa ni upungufu wa mafunzo, udhaifu wa usimamizi wa teknolojia na uduni wa miundombinu. Muuguzi anayeandika kwamba umeme wa kituo chake hukatika mara kwa mara anampa mhandisi taarifa ya kiufundi, ingawa mara nyingi maneno yake huhesabiwa kuwa malalamiko.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuchapisha makala kuhusu namna ya kutathmini mafunzo, naye aliigawa tathmini katika ngazi nne. Ya kwanza ni hisia: mshiriki aliridhika? Ya pili ni elimu: alijifunza nini? Ya tatu ni mwenendo: aliporudi kazini, alifanya jambo lolote tofauti? Ya nne ni matokeo: kazi yenyewe iliboreka? Karatasi inayojazwa saa kumi jioni, washiriki wakiwa wameshika mikoba, haiwezi kuvuka ngazi ya kwanza, au ikizidi sana, ya pili. Haina kosa katika hilo. Kosa hutokea pale alama za ngazi ya kwanza zinapotangazwa kama ushahidi wa ngazi ya nne. Kwa uzoefu wangu, chakula kizuri cha mchana hupandisha alama kuliko mada nyingi.

Hazina imo katika ile mistari michache ya chini. Humo watafiti hulalamika kwamba wahandisi walificha undani wa michoro yao. Wahandisi nao husema walionyeshwa matokeo mazuri ya maabara ambayo hakuna kiwanda kingeweza kuyazalisha kwa bei ya kununulika. Pande zote mbili zina haki. Kiwanda hulinda siri za biashara, na mtafiti hupimwa kwa machapisho. Ipo pia tofauti ya lugha, nayo huonekana ndogo hadi ilete madhara. Neno "unyeti", kwa daktari, ni uwezo wa kipimo kuwatambua wagonjwa miongoni mwa wale walio na ugonjwa kweli. Kwa mhandisi, neno hilo hilo ni kiasi ambacho ishara ya kifaa hubadilika pale kinachopimwa kinapobadilika. Watu hawa wawili wanaweza kukaa meza moja siku nzima, wakakubaliana kwamba unyeti uongezwe, na kila mmoja akaondoka na makubaliano yake. Mshiriki anayeandika "hatukuelewana kuhusu maneno" asihesabiwe kuwa mtu mgumu wa kuridhika.

Upande wa tatu mara nyingi haukaribishwi kabisa. Tuchukue kifaa kiitwacho Moyo, kilichotengenezwa na kampuni ya Laerdal Global Health ya Norway na kufanyiwa utafiti nchini Tanzania. Hufungwa kwa mkanda tumboni mwa mama aliye katika uchungu wa kujifungua, kikasoma mapigo ya moyo wa mtoto; tena kinaweza kupima mapigo ya mama mwenyewe, ili ya mmoja yasidhaniwe kuwa ya mwingine. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya mahojiano na wanawake wa Tanzania waliokitumia. Kwa jumla walikipokea vizuri, na kusikia kwamba mtoto yu salama kuliwapa faraja. Lakini walieleza pia kwamba hawakupewa maelezo ya kutosha kuhusu kazi na matumizi yake.

Maoni ya namna hiyo yasingepatikana katika karatasi ya tathmini ya warsha, kwa kuwa mama huyo hakuwa ukumbini. Mhandisi angeulizwa juu ya uimara wa betri na mtafiti juu ya idadi ya sampuli, na wote wangetoa alama 5. Pengo lililobainishwa na akina mama halikuwa katika mashine. Lilikuwa katika mazungumzo kati ya mkunga na mzazi. Kuliziba hakuhitaji kiwanda. Yatosha mkunga aseme: "Mama, mkanda huu unasikiliza mapigo ya mtoto wako. Ukilia, tuite." Mzazi asiyeambiwa hivyo anaweza kuuvua kwa kuwa unambana, au kunyamaza unapolia akidhani ndivyo unavyofanya kazi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kanuni ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga kupitia kidole ilibuniwa na Takuo Aoyagi, mhandisi wa kampuni ya Nihon Kohden ya Japani, na kuwasilishwa mwaka 1974. Mwaka 2005 watafiti wa San Francisco walionyesha kwamba, oksijeni inaposhuka, baadhi ya vipimo hivyo huonyesha namba kubwa kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Ilipofika mwaka 2020, uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Michigan uliwaangalia wagonjwa ambao kipimo cha kidole kiliwasomea asilimia 92 hadi 96. Kwa damu ya mshipa wa ateri, asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikuwa chini ya 88, ilhali miongoni mwa weupe walikuwa asilimia 3.6. Miaka 15 ilipita kati ya taarifa hizo mbili, na vipimo viliendelea kuuzwa. Mhudumu mwenzangu, namba ya 93 kwa mgonjwa anayehema kwa shida isikutulize: hesabu pumzi zake, mtazame, linganisha namba na ya saa iliyopita, na pima gesi za damu ikiwezekana.

Karatasi ya tathmini basi iandikweje? Ningeanza kwa kupunguza maswali ya ukumbi hadi moja. Kisha ningeuliza: ni jambo gani ulilosikia leo litakalobadilisha kazi yako, na ni nani uliyetamani awepo lakini hakuwepo? Isijazwe kwa jina, maana muuguzi hataandika kwamba hakumwelewa profesa ikiwa profesa ndiye atakayekusanya karatasi. Idadi ya waliojaza itajwe kando ya idadi ya waliohudhuria. Walioondoka mapema huenda ndio waliochoshwa zaidi. Baada ya miezi sita washiriki wapigiwe simu na kuulizwa swali la ngazi ya tatu: umefanya nini tofauti?

Kwa mgonjwa au ndugu wa mgonjwa anayealikwa katika mikutano hii, omba mazungumzo yaendeshwe kwa lugha unayoielewa, na usione haya kusema kwamba mkanda unabana au kwamba mlio unakutisha. Mratibu akikuletea karatasi ya tathmini, mwulize maoni ya warsha iliyotangulia yalibadilisha nini katika kifaa, nawe uandike jibu lake katika ile mistari ya chini.