Kipimo cha CT: Tuulize Kwanza

Katika jamii zetu tunaona mambo mawili. Wapo wanaokataa kipimo cha CT kwa kuogopa mionzi. Wapo pia wanaokidai hata pale daktari asipoona haja, wakiamini kuwa kipimo kikubwa ndicho bora.

CT hutumia mionzi ya eksirei. Kipimo kimoja cha tumbo huweza kumpa mgonjwa mionzi inayokaribia ile ya asili tunayoipata kwa miaka 3 kutoka ardhini, angani na katika chakula. Hatari ya kupata saratani baadaye ni ndogo, lakini huongezeka kila kipimo kinaporudiwa. Watoto huathirika zaidi. Hata hivyo, mionzi haibaki mwilini. Mama akimaliza kupimwa anaweza kumbeba mtoto wake bila wasiwasi.

Kabla ya kupimwa:

• Tuulize kipimo kitasaidia nini katika matibabu, na kama altrasaundi au MRI, zisizotumia mionzi hiyo, zinatosha.
• Tumweleze mhudumu kama mgonjwa ni mjamzito, au huenda ni mjamzito.
• Kwa mtoto, tuulize kama mionzi imepunguzwa kulingana na umbo lake.
• Tunapopewa rufaa, tubebe picha na majibu ya zamani. Zikisahaulika nyumbani, huenda kipimo kikarudiwa: mionzi kwa mgonjwa, gharama kwa familia.

Lakini aliyeumia kichwa vibaya katika ajali asicheleweshwe. Hapo kipimo huweza kuokoa maisha.

Swali la kujadili: Picha za vipimo vya familia yako zimehifadhiwa wapi?