Maandazi madogo ya mdalasini bila karai la mafuta

Kikaangio cha hewa kitakupa vitafunwa vya mtindo wa churro za Kihispania, ilimradi utumie donge la maandazi.

1. Kanda vikombe 2 vya unga wa ngano, vijiko 2 vya sukari, kijiko cha chai cha amira, chumvi na maziwa ya uvuguvugu, acha uumuke.
2. Usimimine rojo la kalimati. Litavuja kwenye matundu ya kikapu, nawe utashinda ukisugua.
3. Kata vipande vyenye ukubwa wa kidole gumba. Vikubwa huiva nje, ndani vibichi.
4. Paka mafuta kidogo ya alizeti, au ya pamba, zao la Usukumani. Bila mafuta vinatoka vikavu na vyeupe, na hapo ndipo wengi hulaumu mashine bure.
5. Choma nyuzi 180 kwa dakika 8 hadi 10, ukigeuza katikati.
6. Usirundike.
7. Vikiwa bado moto, paka siagi iliyoyeyuka kisha gaagaza kwenye sukari na mdalasini; ukitangulia kuipaka kabla ya kuchoma, sukari huungua.
8. Chomeka kikaangio ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni nyembamba inayobeba pia friji na pasi. Kifaa cha wati 1,500 kikivuta umeme mfululizo kwa dakika 10 hula robo ya uniti ya LUKU.
9. Umeme ukikatika Kahama au Geita na donge limeshaumuka, usilitupe: washa mkaa, bandika karai, kaanga.