Somo kwa Makatibu na Wanachama: Utafiti wa Fani Nyingi na Fundisho la Ngitili za Shinyanga

Miongoni mwa misingi ya ushirika umo ule wa elimu, mafunzo na habari. Mara nyingi msingi huu hufahamika kuwa ni kufundishwa uwekaji wa hesabu na uendeshaji wa mikutano tu. Lakini elimu ya mwanaushirika ni pamoja na kuelewa kazi ya watafiti wanaofika vijijini. Katika msimu mmoja chama cha msingi chaweza kutembelewa na mtaalamu wa kupima udongo, mwingine wa kuhesabu miti, wa tatu anayewauliza akina mama hutembea muda gani kutafuta kuni, na wa nne anayeomba kuona daftari la wanachama. Wanachama hushangaa na kuulizana: mbona hawa wote ni wasomi, lakini kila mmoja anauliza lake?

Somo hili linakusudia kueleza sababu ya tofauti hiyo, na kuonyesha kwamba chama kinachosikiliza fani moja peke yake chaweza kupata jibu sahihi na bado kikafanya uamuzi mbaya.

Makundi mawili ya sayansi

Sayansi za mazingira huchunguza vitu vya asili: udongo, maji, mimea, wadudu, ndege na hali ya hewa. Vyombo vyake ni mizani, kipimio cha mvua, hadubini na ramani. Sayansi za jamii humchunguza mwanadamu na mahusiano yake: uchumi, mila, sheria, historia na utawala. Vyombo vyake ni hojaji, mazungumzo, vitabu vya hesabu na kumbukumbu za mikutano.

Yafaa ieleweke kwamba hakuna kundi lililo bora kuliko jingine. Mwenye mizani hawezi kupima ugomvi wa mpaka, wala mwenye hojaji hawezi kujua kwa nini shamba limepoteza rutuba. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jibu moja kwa swali moja

Historia ya Usukuma inatoa mfano ulio wazi. Kuanzia miaka ya 1920, idara ya utafiti wa mbung'o chini ya C.F.M. Swynnerton ilifanya kazi zake Shinyanga. Swali lake lilikuwa moja: mdudu huyu aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe atazuiwaje? Watafiti waligundua kwamba mbung'o huhitaji kivuli cha vichaka. Kwa hiyo vichaka vilifyekwa kwa nguvu za watu wengi, na nchi kubwa ikafunguliwa kwa malisho na kilimo.

Kwa swali hilo, jibu lilikuwa sahihi. Lakini maswali mengine hayakupewa uzito uleule. Miti ikiisha, kuni zitatoka wapi? Ng'ombe wakiongezeka, watakula nini mwezi wa tisa? Mashamba ya pamba na ya chakula yakipanuka, malisho yatabaki wapi? Katika miongo iliyofuata mifugo iliongezeka, mashamba yalipanuka na miti iliendelea kukatwa. Aidha, uhamisho wa watu kwenda katika vijiji vipya katika miaka ya 1970 uliwaweka wengi mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mmomonyoko ulienea, na sehemu kubwa ya nchi ikabaki wazi.

Ngitili

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ambao uliendelea hadi mwaka 2004. Hapo mwanzo mkazo mkubwa uliwekwa katika kuotesha miche vitaluni na kuigawa ipandwe. Baadaye wataalamu waliwageukia wazee na kuwauliza wao wenyewe walikuwa wakihifadhije ardhi zamani. Jibu likawa ngitili.

Ngitili ni eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, na kufunguliwa katikati ya kiangazi wakati malisho mengine yamekwisha. Iko ngitili ya kaya, na iko ya kijiji au ya taasisi. Hailindwi kwa ukuta, bali kwa sheria za wenyeji zinazoamuliwa katika mkutano wa jadi uitwao dagashida, na kusimamiwa na sungusungu pamoja na serikali ya kijiji.

Hapa ndipo fani zilipokutana. Mtaalamu wa mimea alijua kwamba chini ya ardhi iliyoonekana kufa, visiki na mizizi ilikuwa bado hai, na ingechipua ikipumzishwa. Mtaalamu wa jamii alijua kwamba watu wangelinda kwa hiari kile kilichotokana na desturi yao. Kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu.

Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Kufikia mwisho wa mpango, zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao baadhi ya wilaya zake sasa zimo katika mikoa ya Simiyu na Geita.

Hesabu, na kilichojificha ndani yake

Matokeo ya kazi hiyo yalichunguzwa na kundi la wataalamu wa fani mbalimbali likiongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na taarifa ikatolewa mwaka 2005. Wataalamu wa viumbe waliandika aina 152 za mimea na aina 145 za ndege katika ngitili. Wataalamu wa uchumi walikadiria kwamba mazao yake yote, yaani kuni, malisho, dawa, asali, majani ya kuezekea na mengineyo, yalikuwa na thamani ya wastani wa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50.

Kama uchunguzi ungeishia hapo, kila mtu angefurahi. Lakini wataalamu wa jamii waliuliza swali moja zaidi: nani anapata? Ikaonekana kwamba wenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi walifaidika zaidi kuliko maskini. Aidha, pamoja na miti walirudi wanyama waharibifu wa mazao, na hasara hiyo iliwapata wakulima.

Katibu anayejua hesabu ataelewa jambo hili upesi. Tuseme kijiji kina kaya 10. Kaya 2 zinavuna mizigo 40 ya kuni kila moja, na kaya 8 zinavuna mizigo 5 kila moja. Jumla ni mizigo 120, na wastani ni mizigo 12 kwa kaya. Hesabu ni sahihi, lakini hakuna kaya hata moja iliyopata mizigo 12. Chama kikigawa gharama za ulinzi kwa kufuata wastani huo, kitawatoza wenye mizigo 5 sawa na wenye 40, na haitachukua muda kabla wanyonge hawajaacha kulinda.

Wajibu wa chama

Mtafiti anapofika, katibu ahakikishe kwamba anacho kibali cha utafiti na barua ya utambulisho kutoka wilayani, kisha aandike jina, fani na swali lake katika daftari la wageni. Taarifa za siri za mwanachama, kama vile madeni yake, zisitolewe bila ridhaa yake. Mtafiti aombwe kurudisha matokeo, kwa lugha ya Kiswahili, yasomwe katika mkutano mkuu.

Na kabla chama hakijaamua jambo kubwa juu ya ardhi, kwa mfano kufyeka ngitili ili kupanua mashamba ya pamba, bodi iulize walau mambo manne: udongo na maji vitakuwaje, fedha itakuwa kiasi gani, nani atapata na nani atakosa, na sheria na desturi zinasemaje. Swali lolote lisilo na jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na uamuzi usubiri. Miti ikifyekwa kwa siku moja, kuirudisha huchukua miaka mingi.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Kwa nini jibu la watafiti wa mbung'o lilikuwa sahihi, na bado halikutosha?
2. Ni kumbukumbu zipi za chama chenu zinazoweza kumsaidia mtaalamu wa mazingira? Na zipi zitamfaa mtaalamu wa jamii?
3. Chukueni wastani wa mauzo ya wanachama wenu wa msimu uliopita. Ni wanachama wangapi waliopata chini ya wastani huo?
4. Ni watafiti gani wamewahi kufika kijijini kwenu, na matokeo yao yako wapi?